Morse na leseni ya redio ya ridhaa nchini Uganda: mwongozo kamili, kutoka sikioni hadi hewani

Ishara zote za mwito za Uganda, yaani majina ya vituo hewani, huanza na 5X. Kwa mwanaredio wa ridhaa, yaani anayerusha kwa kupenda bila biashara, aliyeko Japani, Italia au Marekani, 5X si kitu cha kila siku, na hapo ndipo anayeanza huku kwetu anapotofautiana na anayeanza Ulaya. Mwenzako wa Ujerumani atapiga CQ (mwito kwa kituo chochote) nusu saa akitafuta mtu wa kumjibu. Wewe ukipiga CQ moja kwenye 14 MHz jioni, vituo kumi au ishirini vinaweza kukujibu kwa pamoja, vyote kwa kasi, vyote juu ya masafa yaleyale, usikie kitu kama mvua ya mawe juu ya bati. Kupata wa kuongea naye si tatizo. Tatizo ni kumtoa mmoja katikati ya kelele hiyo.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: sikio kwanza, makaratasi yakitembea sambamba, vifaa baadaye, mkono wa kupigia mwisho. Anayeanza kwa kununua redio mara nyingi huishia na redio nzuri kabatini.

Kabla ya yote, ondoa wasiwasi mmoja. Kanuni za kimataifa zilikuwa zikimlazimisha kila anayetaka kurusha chini ya 30 MHz apite mtihani wa Morse, msimbo wa nukta na vistari. Sharti hilo liliondolewa kwenye mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio mwaka 2003, na kila nchi ikaachiwa iamue yenyewe. Leo Morse inajifunzwa kwa faida yake. Ishara ya Morse huchukua upana wa takriban hezi 150, wakati sauti ya mtu kwa mfumo wa SSB huhitaji karibu hezi 2,500. Nguvu yote ikibanwa kwenye upenyo mwembamba kiasi hicho, wati 5 kutoka kwenye betri ya pikipiki zinafika Ulaya. Faida ya pili haitajwi sana: Morse ina lugha yake ya vifupisho, hivyo mtu wa Arua na mtu wa Osaka wanaelewana bila yeyote kujua lugha ya mwenzake.

Sikio

Vipimo vya Morse ni vitano. Nukta ni kipimo 1. Kistari ni vipimo 3. Nafasi ndani ya herufi ni 1, kati ya herufi na herufi 3, kati ya neno na neno 7. Kasi huhesabiwa kwa neno PARIS, ambalo lina vipimo 50 pamoja na nafasi inayolifuata. Ukitaka kujua nukta moja huchukua muda gani, gawa 1,200 kwa kasi: kwa maneno 12 kwa dakika nukta ni milisekunde 100, kwa maneno 20 ni 60.

Sasa funga chati. Kosa linalowapotezea watu miezi ni kujifunza Morse kwa macho: kuona nukta na vistari kwenye karatasi, kuhesabu, kutafsiri. Njia hiyo hukufikisha maneno 8 au 10 kwa dakika kisha hukuacha hapo, kwa sababu ubongo hauwezi kuhesabu haraka zaidi. Herufi ni mdundo mzima. K si "kistari, nukta, kistari". K ni *daa-di-daa*, kama jina la mtu unayemfahamu, ambalo husikii herufi zake ukiitwa. Vivyo hivyo achana na vijineno vya kukumbushia. Kila kijineno ni kituo kimoja zaidi ambacho akili lazima isimame kabla ya kufika.

Njia yenye matokeo ni ile ya Ludwig Koch, mwanasaikolojia wa Ujerumani wa miaka ya 1930: unaanza na herufi mbili tu, lakini kwa kasi kamili. Ukizipata kwa usahihi wa asilimia 90, unaongeza ya tatu. Mtandao wa LCWO, ambao ni bure, una masomo 40 kwa mpangilio huo, ukianza na K na M, kisha U, R, E, S, N, A na kuendelea. Weka kasi ya herufi kwenye 20 na kasi ya jumla kwenye 8 hivi. Maana yake kila herufi inapigwa haraka, ila nafasi kati ya herufi inarefushwa ili upate kupumua. Nafasi utazipunguza baadaye. Kasi ya herufi usiiguse.

Dakika 10 asubuhi, 10 mchana, 10 usiku zinashinda saa nzima ya Jumamosi kwa mbali. Sikio likichoka, linaanza kujifunza makosa. Kwa mwendo huo watu wengi humaliza masomo yote 40 ndani ya miezi mitatu hadi sita. Bando likiwa ghali, LCWO inakuruhusu kupakua mazoezi kama faili za MP3. Pakua mahali penye Wi-Fi, sikiliza ndani ya teksi foleni ya Jinja Road ikiwa imesimama. Abiria wa boda anaweza kusikiliza pia. Dereva wa boda, hapana.

Ukikosa herufi, weka kistari kwenye karatasi uendelee. Anayesimama kufikiria herufi iliyopita hupoteza tatu zinazofuata. Hili huonekana dogo, lakini ni nidhamu itakayokuokoa baadaye kwenye rundo la vituo.

Makundi yanayosumbua karibu kila mtu ni S, H na 5. U, V na 4. D, B na 6. W, J na 1. Yote yana mdundo unaofanana na urefu tofauti. Usirudie somo zima kwa ajili yake. Tengeneza zoezi la herufi hizo tu, dakika 5, siku nne mfululizo, kwa kasi ya juu kidogo kuliko uliyozoea. Kasi ikipanda, nafasi ya kuhesabu inakwisha na tofauti inaanza kusikika.

Msemaji wa Kiswahili ana nafuu yake. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na irabu ni tano tu: A *di-daa*, E *di*, I *di-di*, O *daa-daa-daa*, U *di-di-daa*. Ukishafika herufi ya nane ya Koch unaweza kujipigia SANA, NUSU, MARA, NANE, SEMA, MUME. Ukiongeza P, T, L, W na I unapata MPIRA, ELIMU, WALIMU. Sikiliza bila kuandika. Ukianza kulisikia neno limekwisha kabla hujalitamka kichwani, umevuka ule ukuta wa maneno 10. Ila usifanye mazoezi ya Kiswahili peke yake, maana A itakujaa masikioni nawe utapigwa butwaa na Q, X na tarakimu. Hewani kilichojaa ni ishara za mwito, na ishara za mwito zina tarakimu kila moja. Kuanzia herufi ya 20, nusu ya muda wako iwe ishara za mwito.

Kusikiliza hewani kabla ya leseni

Redio ya kawaida ya sokoni, hata yenye mawimbi mafupi, haikupi Morse. Utasikia pumzi-pumzi, kelele inakatika na kurudi, bila mlio. Mlio huzalishwa ndani ya mpokeaji wenye SSB au BFO, kwa hiyo ukinunua redio ya kusikilizia hakikisha maneno hayo yameandikwa kwenye boksi. Kwa anayemiliki kompyuta, kijiti cha RTL-SDR toleo la V3 au V4 kinatosha. Asiye na chochote atumie WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, au KiwiSDR yoyote kupitia simu.

Pa kuanzia ni 14.100 MHz. Hapo kuna mtandao wa vituo 18 vya ishara vya mashirika ya wanaredio, NCDXF na IARU, vinavyopokezana kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kituo hupiga ishara yake ya mwito kwa maneno 22 kwa dakika, kisha vistari vinne virefu: cha kwanza kwa wati 100, cha pili wati 10, cha tatu wati 1, cha nne sehemu ya kumi ya wati. Jirani yetu ni 5Z4B wa Kenya. ZS6DN yuko Afrika Kusini. Si vyote huwa hewani kila siku, lakini zoezi ni zuri mara mbili: unajifunza ishara za mwito, na unajua papo hapo bendi imefunguka kuelekea wapi. Ukisikia kistari cha nne cha kituo cha mbali, wati zako 5 zina nafasi nzuri.

Ukitoka hapo shuka 14.000 hadi 14.070, eneo la Morse. Wanaopiga polepole hukusanyika karibu na 14.055, na wenye nguvu ndogo karibu na 14.060.

Kifaa cha kujifunzia kupiga

Usishike kibonyezo mpaka uwe umefika angalau herufi 20 kwa sikio. Mkono unaopiga kabla ya sikio kukomaa hupiga vibaya na hujiona uko sawa.

Mlio wa mazoezi unajengwa na IC moja ya 555, na vitu vyake vinapatikana kwa mafundi wa redio wa mji wowote, hata kwa kung'oa kwenye mabodi mabovu. Unahitaji rezista ya kilo-omu 100 moja, za kilo-omu 10 mbili, ya omu 100 moja. Kapasita mbili za nanofaradi 10 (zimeandikwa 103), moja ya maikrofaradi 10, moja ya maikrofaradi 100. Spika ya omu 8 na betri ya volti 9.

Unganisha hivi. Mguu 1 kwenye hasi, mguu 8 kwenye chanya, na kapasita ya 100 kati yao. Rezista ya kilo-omu 10 kutoka mguu 8 hadi 7. Ile ya 100 kutoka 7 hadi 6. Unganisha 6 na 2 pamoja, kisha kapasita ya 103 kutoka hapo hadi hasi. Kapasita ya pili ya 103 kutoka mguu 5 hadi hasi. Mguu 3 ndio sauti: upande wa chanya wa kapasita ya maikrofaradi 10 kwenye mguu 3, kisha rezista ya omu 100, kisha spika, kisha hasi. Mguu 4 upeleke hasi kupitia rezista ya kilo-omu 10 iliyobaki, na kibonyezo kiwe kati ya mguu 4 na chanya. Mlio utakuwa karibu hezi 690, mzuri kwa sikio.

Ukisahau ile rezista ya mguu 4, mlio utajiwasha wenyewe au kukwaruza, kwa sababu mguu ulioachwa hewani hupokea umeme wa kila kitu kilicho karibu. Na wanaokata umeme wa betri badala ya kutumia mguu 4 hupata mlio unaoyumba mwanzoni mwa kila nukta. Hilo litakuharibia sikio.

Kibonyezo cha kawaida kinataka pengo dogo, karibu unene wa karatasi nne au tano, na springi isiyo ngumu. Mkono utulie mezani, kazi ifanywe na kifundo, si vidole. Ukiona nukta zako zinarefuka unapochoka, pengo ni kubwa mno. Kibonyezo cha pande mbili, ambacho upande mmoja hutoa nukta na mwingine vistari vyenyewe, ni chepesi zaidi kwa kasi ya 15 kwenda juu. Kwa 5X tunashauri hicho tangu mwanzo, kwa sababu utapiga sana. Rekodi dakika mbili za upigaji wako kwa simu, usikilize kesho yake. Kama wewe mwenyewe hujielewi, hakuna atakayekuelewa.

Leseni

Msimamizi wa masafa ni Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, yenye makao Bugolobi, Kampala. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya 2013 huwezi kurusha bila idhini yake, hata kwa wati 1, hata kwa majaribio. Kusikiliza bendi za ridhaa ndiko kutakuweka shughulini wakati unasubiri.

Anza kwa swali kabla ya fedha. Andika barua fupi kwa UCC ukiomba fomu ya sasa ya redio ya ridhaa, ada ya sasa, na aina ya ushahidi wa ujuzi wanaoukubali. Peleka nakala mbili na urudi na moja iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wakati huohuo wasiliana na chama cha wanaredio wa ridhaa nchini, UARS, ambacho ni mwanachama wa muungano wa kimataifa, IARU. Barua ya mtu anayejulikana na chama husomwa tofauti na barua ya mtu asiyejulikana.

Katika folda yako weka: nakala ya kitambulisho cha taifa (mgeni, pasipoti na kibali cha kuishi), mahali kituo kitakapokuwa pamoja na viwianishi vyake, ruhusa ya mwenye nyumba kama umepanga, orodha ya redio yenye jina la mtengenezaji, modeli na nguvu kwa wati, bendi unazoomba, mchoro wa antena na urefu wake, na cheti chochote cha ujuzi. Orodha iwe ya kweli na fupi. Anayeomba bendi zote na wati 1,000 kwa mara ya kwanza anajiletea maswali.

Cheti ndipo wengi wanapokwama. Njia moja inayotumika sehemu nyingi ni mtihani wa Marekani wa ngazi ya Technician, ambao baadhi ya timu za watahini huusimamia kwa video. Maswali ni 35, kufaulu ni 26, na benki nzima ya maswali na majibu iko wazi mtandaoni. General ni vivyo hivyo. Hata asiye raia anaruhusiwa, ila lazima awe na anwani ya posta ndani ya Marekani, na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, hutoza dola 35 za leseni. Tahadhari: karatasi hiyo ni ushahidi wa ujuzi tu. Haikuruhusu kurusha ukiwa Mbale wala Mbarara. Waulize UCC kama wanaipokea kabla hujalipa, na jibu lao liwe la maandishi.

Mambo ya kujua kichwani, mtihani uwe wa nani: V = I × R; P = V × I; urefu wa wimbi kwa mita ni 300 kugawa kwa MHz; nguvu ikiongezeka mara mbili ni desibeli 3, mara kumi ni desibeli 10. Kisha mipaka ya bendi za eneo letu, ambalo ni Eneo la 1 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano: 7.000 hadi 7.200, 10.100 hadi 10.150, 14.000 hadi 14.350, 18.068 hadi 18.168, 21.000 hadi 21.450, 28.000 hadi 29.700. Vitabu vya Marekani vitakuambia bendi ya mita 40 inafika 7.300. Huko kwao ndiyo. Kwetu juu ya 7.200 ni redio za matangazo. Na miiko: hakuna biashara, hakuna muziki, hakuna ujumbe uliofichwa kwa siri, na ishara yako ya mwito itajwe mara kwa mara. Morse si siri kisheria, kwa kuwa msimbo wake umechapishwa kwa kila mtu.

Redio usiagize kabla ya idhini. Vifaa vya mawasiliano huhitaji kuidhinishwa na UCC, na kifurushi chenye redio kisicho na barua kinaweza kukaa forodhani kikikusanya gharama. Barua kwanza, oda baadaye.

Redio na umeme wake

Vifaa vya Pixie, vile vya bei ya chakula cha mchana, vinavutia. Vinarusha chini ya wati 1 kwenye 7.023 MHz pekee na mpokeaji wake usiku humezwa na redio za matangazo. Ni zoezi la kulehemu. Usitegemee kuwasiliana nacho. QCX-mini ya QRP Labs ni jambo lingine: bendi moja, wati 3 hadi 5, ina ndani yake saketi ya kuendesha kibonyezo cha pande mbili na hali ya mazoezi isiyorusha. Inataka mkono mzuri wa kulehemu. Transista zake tatu za mwisho, BS170, huungua ukirusha bila antena au ukizidisha volti, hivyo nunua akiba. Asiyetaka kulehemu, Xiegu G90 ya wati 20 inatosha kwa miaka.

Betri ya volti 12, Ah 7, ile ya UPS na kengele za wezi, inaendesha redio ya wati 5 kwa zaidi ya saa kumi za matumizi ya kawaida bila kushusha chaji chini ya nusu. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu na nguzo ya chanya. Faida kubwa ya betri ni ukimya: chaja za simu, taa za LED za bei rahisi na vidhibiti vya sola hujaza bendi kelele. Kujua kelele inatoka wapi, zima swichi kuu ya nyumba huku redio ikisikiliza kwa betri. Au subiri Yaka, umeme wa kulipia kabla, iishe, jambo ambalo halihitaji mpango.

Antena

Antena ya kwanza iwe dipoli ya 14 MHz, yaani waya wa mikono miwili sawa unaolishwa katikati. Urefu wote kwa mita ni 142.6 kugawa kwa MHz: kwa 14.06 unapata mita 10.14, yaani mita 5.07 kila mkono. Kata mita 5.30 kila mkono, kwa sababu waya uliozidi unapungua na uliopungua hauongezeki. Waya wa nyumba wa milimita 1.5 za mraba unafaa. Vihami tengeneza kwa vipande vya bomba la PVC la umeme. Kutoka katikati shusha kebo ya RG-58. Kebo ya televisheni ya omu 75 inakubalika kwa wati 5. Pale kebo inapoungana na waya, ikunje mizunguko 10 yenye kipenyo cha sentimita 12 hivi na uifunge imara, la sivyo kebo yenyewe itakuwa sehemu ya antena na kuleta kelele ya nyumba ndani.

Pandisha mita 7 au zaidi. Mwembe au mkalitusi ni mlingoti tayari: rusha uzi wa nailoni wa kuvulia ukiwa na kipande cha risasi cha wavuvi, kisha vuta kamba nene nyuma yake. Angalia nyaya za umeme kwanza, pande zote, na urefu wa waya ukikatika utaangukia wapi. Nyoosha waya mashariki–magharibi ili mgongo wake uelekee Ulaya.

Kisha pima. Tuseme SWR, kipimo cha jinsi antena inavyoafikiana na redio, iko chini kabisa kwenye 13.50 MHz. Urefu mpya ni 5.30 × 13.50 ÷ 14.06, ambayo ni 5.09, kwa hiyo kila mkono umezidi sentimita 21. Kata 15, pandisha, pima tena, malizia. Kukata yote kwa mkupuo ndiko kunakoharibu, maana miti, bati na urefu kutoka ardhini hubadilisha hesabu. SWR ya 1.5 ni nzuri, 2 inavumilika. Ikiruka-ruka upepo ukivuma, kiungo cha katikati hakijalehemiwa vizuri au maji yameingia kwenye kebo.

Radi isichukuliwe kimzaha. Tororo imekuwa ikitajwa kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na Kampala haiko mbali na idadi hiyo. Ukimaliza kutumia, chomoa kebo na uiache nje ya dirisha, si sakafuni karibu na redio. Usisubiri mvua, ngurumo ya kwanza unayoisikia inaweza kuwa ya pili kupiga.

Mazungumzo ya kwanza

Usianze kwa kupiga CQ. Mjibu anayepiga CQ polepole, kwa kasi yake. Mazungumzo mafupi huenda hivi, kwa ishara za kubuni:

CQ CQ DE 5Z4XYZ 5Z4XYZ K
5Z4XYZ DE 5X1ABC 5X1ABC K
5X1ABC DE 5Z4XYZ = GE TNX FER CALL = UR RST 579 579 = NAME JUMA JUMA = QTH NAKURU NAKURU = HW? 5X1ABC DE 5Z4XYZ K

DE ni kutoka kwa, K ni jibu, GE ni salamu ya jioni, TNX FER CALL ni asante kwa kuniita, UR ni yako, QTH ni mahali nilipo, HW? ni umenisikiaje. Nawe unarudisha hayohayo ya kwako, kisha 73, salamu ya kuagana. RST ni alama za usikivu: usomekaji hadi 5, nguvu hadi 9, usafi wa mlio hadi 9. Utasikia 5NN badala ya 599, kwani N ni fupi kuliko 9. Ukizidiwa, piga AGN? (rudia) au QRS (punguza kasi) bila aibu.

Kuna njia ya mkato ya kuzoea: mashindano. Katika CQ WW ya Morse, wikendi kamili ya mwisho ya Novemba, kila kituo kinataka kitu kimoja kutoka kwako: 5NN 37, kwa kuwa Uganda iko ukanda wa 37. Sikiliza kituo kimoja mara tatu mpaka uwe na uhakika wa ishara yake, kisha piga yako mara moja tu. Watakurukia.

Siku utakayopiga CQ mwenyewe, piga kwa kasi unayotaka kujibiwa. Rundo likianguka, shika kipande cha ishara ya mwito. Ukisikia "OK1" tu, piga OK1? na usimjibu mwingine yeyote mpaka umalize naye, hata akipiga kelele. Ukimjibu mwenye fujo mara moja, wote watajifunza kuwa fujo inalipa. Rundo likizidi vituo vitano, piga UP 1 na usikilize kilohezi 1 juu yako, ili sauti yako ibaki safi na waweze kukusikia ukiita. Maliza kila mmoja kwa TU (asante) na ishara yako. Ukichoka, piga QRT (nafunga kituo) na uzime, hakuna deni.

Bado hujui kama ulisikika? Fungua Reverse Beacon Network. Vipokezi vyake vya kompyuta husoma kila CQ na kuandika masafa, kasi na nguvu ya ishara kwa desibeli. Kama hakuna hata kimoja kilichokuandika baada ya CQ tano, angalia antena. Kikikuandika vibaya, nafasi zako kati ya herufi ni fupi mno.

Daftari la mawasiliano huandikwa kwa UTC, saa ya dunia nzima, na sisi tuna saa za aina tatu za kuchanganya: UTC, ya hapa kwetu na ya Kiswahili. Kanuni rahisi: chukua saa ya Kiswahili ya mchana, ongeza 3. Saa 6 mchana ni 09:00 UTC. Saa 11 jioni ni 14:00. Usiku ongeza 15, na ikizidi 23 toa 24: saa 2 usiku ni 17:00, saa 8 usiku ni 23:00, saa 10 alfajiri ni 01:00. Angalia tarehe pia. Mawasiliano ya kati ya saa 6 usiku na saa 9 usiku yanaandikwa kwa tarehe ya jana, na kosa hilo moja ndilo linalofanya kadi nyingi za QSL, za kuthibitisha mawasiliano, zirudi zikiwa na alama ya kuuliza.